Kutoka Nauvoo hadi Pipe Spring: kwenye nyumba za wake wenza wa Wamormoni

Jumamosi. Nauvoo, Illinois

Tumeondoka Chicago kabla ya alfajiri, na adhuhuri haijaingia tukawa Nauvoo, mji mdogo uliokaa kwenye kona ya mto Mississippi. Niko na Mama mkubwa, mke wa kwanza wa marehemu baba yangu. Mimi ni mtoto wa mke wa pili, lakini sehemu kubwa ya utoto wangu niliipitisha mkononi mwake, kule Pangani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma shajara na barua za wanawake wa Kimormoni wa karne ya 19, na kila nikimsimulia kwa simu huwa ananikatiza kwa maswali ambayo sikuyaona vitabuni. Alipokuja kunitembelea Marekani akasema, nipeleke nikaone. Ndiyo safari hii.

Swali lake la kwanza aliliuliza tukiwa bado kwenye gari: "Mke mkubwa alijua?"

Nauvoo ndipo swali hilo linapoumiza. Joseph Smith alianzisha kanisa la Kimormoni mwaka 1830 katika jimbo la New York, na kufikia 1839 wafuasi wake, waliofukuzwa Missouri, walianza kuujenga mji huu. Hapa ndipo mitala ilipoanza kuota mizizi. Tarehe 5 Aprili 1841 Joseph alifungishwa ndoa na Louisa Beaman, na inasimuliwa kwamba bibi harusi alivalishwa kofia na koti la kiume ili wapita njia wasimtambue. Hapakuwa na tangazo wala karamu, na hadharani viongozi waliendelea kukanusha. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo marefu yanayokiri kwamba Joseph alifungishwa ndoa na wanawake wanaokadiriwa kuwa kati ya 30 na 40, mkubwa wao akiwa na miaka 56 na mdogo wao akiwa bado hajatimiza 15.

Tumesimama mbele ya nyumba ya magogo walimoishi Joseph na mkewe Emma. Nilimsimulia Mama mkubwa habari za Emily na Eliza Partridge, dada wawili waliofiwa na baba, waliokuwa wakiishi humu wakimsaidia Emma kazi na watoto. Machi 1843 Joseph alifungishwa nao ndoa kwa siri, kila mmoja kwa siku yake. Mwezi Mei Emma, baada ya kushinikizwa muda mrefu, alikubali mumewe aongeze wake kwa sharti kwamba atawachagua mwenyewe. Akawachagua Emily na Eliza. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wasichana hao tayari walikuwa wake wa mumewe. Ndoa ikafungwa upya mbele yake, kana kwamba ni mara ya kwanza. Emily aliyaeleza haya uzeeni, na mwaka 1892 akayarudia kwa kiapo mahakamani.

Mama mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yako alipotaka kumwoa mama yako aliniambia. Nililia wiki nzima, nikagoma kupika. Lakini aliniambia, na walii na mashahidi walikuwepo, na mtaa mzima ukajua. Huyu mama walimfanya mjinga ndani ya nyumba yake."

Emma hakuweza kuivumilia ridhaa aliyoitoa. Muda mfupi baadaye aliwataka wasichana waondoke, nao wakaondoka. Emily anaandika juu ya miezi ile bila chuki kwa Emma, na hilo ndilo linalonigusa zaidi. Binti wa miaka 19, hana baba, hana mahali pa kwenda, na anamwelewa mwanamke anayemfukuza.

Jumapili. Bado Nauvoo

Asubuhi tumepita nyumba ya matofali ya Heber C. Kimball, mmoja wa mitume wa kanisa. Heber aliagizwa aoe mke wa pili, Sarah Noon, na asimwambie mkewe Vilate. Kimya chake kikamla hata Vilate akaona mumewe anakonda, akasali mpaka, kwa masimulizi ya familia, akaoneshwa jambo lenyewe katika njozi. Alilipokea. Kisha Mei 1843 binti yao Helen Mar, mwenye miaka 14, akafungishwa ndoa na Joseph kwa ombi la baba yake mwenyewe. Helen aliishi kuwa mtetezi hodari wa mitala, akaandika vijitabu viwili kuitetea. Ila katika kumbukumbu zake aliandika pia alivyozuiwa kwenda kucheza dansi na vijana wenzake, na namna alivyoona ni dhuluma wakati wenzake wakiondoka. Nayaamini yote mawili kutoka kinywani mwake. Mwanamke anaweza kuitetea imani yake na bado akakumbuka jioni aliyonyimwa.

Duka la Joseph la matofali mekundu limejengwa upya. Ghorofani kwake, tarehe 17 Machi 1842, ulianzishwa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, Emma akiwa rais na Eliza R. Snow akiwa katibu. Miezi mitatu baadaye katibu naye akafungishwa ndoa na mume wa rais. Nimejaribu kuwaza vikao vile: Emma akihimiza maadili na kukemea fununu za mitala, na mbele yake kwenye viti wamekaa wanawake kadhaa ambao tayari ni wake wenza wake.

Tarehe 12 Julai 1843 Joseph aliandikisha ufunuo juu ya ndoa ya wake wengi, ambao sasa ni sehemu ya 132 ya Mafundisho na Maagano, kimoja cha vitabu vitakatifu vya kanisa. Unamtaja Emma kwa jina, unamwamuru ashikamane na mumewe na kuwapokea aliopewa, la sivyo ataangamizwa. Hyrum, kaka yake Joseph, ndiye aliyempelekea karatasi. Akarudi akisema hajawahi kukaripiwa vile maishani mwake.

Mchana tumekwenda makaburini, kando ya mto. Joseph na Hyrum waliuawa na kundi la watu gerezani Carthage tarehe 27 Juni 1844, wiki chache baada ya gazeti lililoifichua mitala kuharibiwa kwa amri ya baraza la mji. Emma wakati huo alikuwa mjamzito. Hakwenda magharibi na wengine. Alibaki Nauvoo, akaolewa na Lewis Bidamon mwaka 1847, na mpaka anakufa 1879 alikana kwamba mumewe wa kwanza aliwahi kuwa na mke mwingine. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi siwezi. Aliishi tena na jeraha la aina hiyo hiyo: Bidamon alizaa mtoto nje ya ndoa, na Emma akamchukua yule mtoto, Charles, akamlea kama wake, kisha akampa kazi mama wa mtoto ili awe karibu na mwanawe. Mama mkubwa aliposikia hilo aliinama, akaliondoa jani lililoangukia juu ya kaburi lake.

Jumatatu. Iowa

Wamormoni walianza kuuvuka Mississippi kuelekea magharibi tarehe 4 Februari 1846, wengine mto ukiwa umeganda. Sisi tumeuvuka kwa daraja la Fort Madison na kuishika barabara namba 2, inayopita mashamba ya mahindi na soya kusini mwa Iowa.

Karibu na Corydon kuna kijito cha Locust Creek. Hapa karani William Clayton alipokea habari, tarehe 15 Aprili 1846, kwamba mkewe Diantha amejifungua mtoto wa kiume kule Nauvoo. Diantha alikuwa na miaka 17, mmoja wa wake zake wadogo, na aliachwa kwa wazazi wake kwa sababu ya mimba. Clayton alifurahi hata asubuhi ile akatunga wimbo wa safari, ambao Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo jina rasmi la Wamormoni, wanauimba mpaka leo kote duniani. Wengi wanaouimba hawajui kwamba chimbuko lake ni mke mdogo aliyejifungulia mbali na mumewe.

Mbele zaidi ni Mount Pisgah, kilima chenye makaburi na mnara wa kumbukumbu. Hapa nilitaka kumsimulia Mama mkubwa habari za Zina Huntington, na hazisimuliki kirahisi. Zina aliolewa na Henry Jacobs Machi 1841. Oktoba mwaka huo huo, akiwa mjamzito wa Henry, akafungishwa na Joseph ndoa ya milele, yaani inayoaminiwa kuendelea hata baada ya kifo. Joseph alipouawa, akafungishwa na Brigham Young, aliyeshika uongozi wa kanisa baada ya Joseph, Henry akiwa amesimama pale kama shahidi. Henry na Zina waliondoka Nauvoo pamoja, na Zina akajifungua njiani, ndani ya gari la farasi penye mto Chariton, wakamwita mtoto Henry Chariton. Walipofika Mount Pisgah, Brigham akamtuma Henry Uingereza kuhubiri, na kuanzia hapo Zina akawa mke wa Brigham. Baba yake Zina alifia hapa Agosti ile. Henry aliendelea kumwandikia barua za mapenzi kwa miaka.

"Na talaka?" aliuliza Mama mkubwa.

Hapakuwa na talaka ya mahakama. Waliamini kwamba mamlaka ya ukuhani ni makubwa kuliko ndoa ya serikali.

"Hata eda hakukaa."

Zina mwenyewe, miaka mingi baadaye, alisema jambo lile lilikuwa takatifu mno kulieleza, na kwamba alitoa sadaka kubwa kuliko kutoa maisha yake. Sina haki ya kumwambia alichohisi. Ila naona kwamba katika mkasa wote ule, wanaume watatu wanaamua na yeye anatii, na mmoja wa hao watatu naye anatii huku moyo unamvuja damu.

Jumanne. Omaha, Nebraska

Winter Quarters, kambi ya majira ya baridi ya 1846 na 1847, sasa ni kitongoji cha Omaha kiitwacho Florence. Vibanda vya magogo na udongo, kiseyeye, homa, mamia ya vifo. Kwenye makaburi kuna sanamu ya baba na mama waliosimama juu ya kaburi la mtoto mchanga.

Hapa mitala iliacha kuwa siri ya usiku. Kwa mara ya kwanza wake wenza waliishi wakijulikana kuwa wake wenza, angalau baina yao wenyewe, na maisha yenyewe yakawa mtihani. Patty Sessions, mkunga wao, aliandika shajara kila siku. Amemzalisha fulani, amepokea dola mbili, kumenyesha. Na katikati ya hayo yanatokea machozi. Mumewe David alikuwa ameoa mke mdogo, Rosilla, ambaye hawakupatana kabisa. Patty anaandika kwamba hakulala, kwamba amelia, kwamba mume amemsemesha kwa ukali. Halafu asubuhi anaitwa kwa mjamzito mwingine, anakwenda. Kabla mwaka haujaisha Rosilla alikata tamaa akarudi mashariki. Patty naye alikuwa na siri yake: tangu 1842 alikuwa amefungishwa ndoa na Joseph Smith, huku akiwa mke wa David. Maishani mwake alizalisha karibu watoto 4,000.

Ila Winter Quarters ina upande wa pili, nao ndio uliomfanya Mama mkubwa atabasamu. Jioni wanawake walikusanyika vibandani, Eliza Snow, Zina, Patty na wenzao, wengi wao wajane wa Joseph, wakasali, wakawekeana mikono, wakabarikiana, wakanena kwa lugha. Wanaume hawakuwaitisha mikutano hiyo. Wanawake hawa hawakuwa na siri ya kufichana tena. Waliokuwa wakikwepana macho Nauvoo sasa walishikana mikono.

Louisa Beaman, yule wa kofia ya kiume, naye alikuwa katika msafara huu, sasa mke wa Brigham. Alizaa wana watano, wakiwemo mapacha mara mbili, na wote wakafariki wakiwa wachanga. Alikufa kwa saratani ya titi mwaka 1850, akiwa na miaka 35.

Jumatano na Alhamisi. Nebraska na Wyoming

Barabara, upepo na malori. Tumelala North Platte, kisha Evanston. Mama mkubwa amelala njiani muda mwingi, na mimi nimefurahi kuendesha kimya. Walichokitembea kwa miezi sisi tumekipita kwa siku mbili tukinywa chai ya chupa.

Ijumaa. Salt Lake City, Utah

Msafara wa kwanza uliingia bonde hili Julai 1847. Tarehe 29 Agosti 1852 Orson Pratt, mmoja wa mitume wa kanisa, alipanda mimbari na kuitangaza mitala kwa ulimwengu. Miaka kumi na zaidi ya siri ikaisha kwa hotuba moja. Naona miaka 30 iliyofuata ilikuwa tofauti kwa wanawake kuliko ile ya Nauvoo, na tofauti hiyo ilitokana na uwazi. Mke wa tatu aliweza kuitwa mke mbele za watu. Mtoto wake alikuwa na jina la baba.

Hilo halikuwafanya wote wawe na furaha. Tumetazama Lion House kwa nje, nyumba ndefu aliyoijenga Brigham Young mwaka 1856, yenye mapaa madogo yaliyochongoka, kumi kila upande. Brigham alifungishwa ndoa na wanawake zaidi ya 50, baadhi yao kwa jina tu, na 16 ndio waliomzalia. Wenye watoto wadogo walikaa sakafu ya katikati, wasio na watoto juu, na wote walikula pamoja chini. Jioni kengele ililia, wakakusanyika kusali.

"Zamu ilikuwaje?" Mama mkubwa aliuliza. Hapo ndipo penyewe. Hapakuwa na sheria ya zamu. Kwenye uislamu wetu, mume anawajibika kugawa siku kwa haki, na asipogawa mke ana pa kushtaki. Hapa mgawanyo uliachwa kwa hiari ya mume. Wengine walijitahidi sana kuwa waadilifu. Kwa wengine, mke alisubiri. Emmeline B. Wells, mmoja wa wake wa Daniel H. Wells, alikuwa mwanamke mashuhuri wa Utah, mhariri wa gazeti la wanawake kwa karibu miaka 40. Hadharani aliitetea mitala. Katika shajara yake ya 1874 anaomboleza kwamba mume wake hamjali, kwamba angependa walau apendwe kidogo. Mhariri yule yule, mkono ule ule.

Nisiwasingizie wanaume wote wa Utah kuwa kama Brigham. Wengi waliooa mitala walikuwa na wake wawili tu, na familia nyingi zilikuwa za mke mmoja. Katika nyumba za kawaida, wake wawili katika shamba kavu waligawana ng'ombe, watoto na njaa. Mume alipotumwa kuhubiri ng'ambo miaka miwili au mitatu, bila mshahara, wao ndio waliolima. Zina, yule wa Mount Pisgah, aliwalea watoto wanne wa mke mwenza wake Clarissa Ross alipofariki, nao wakamwita mama.

Manung'uniko yalifika hadi mimbarini. Tarehe 21 Septemba 1856 Brigham aliwaambia wanawake kwamba anawapa hadi tarehe 6 Oktoba waamue: wakae bila kulialia au waende huru, hata wake zake mwenyewe. Hakuna msafara wa wanawake ulioondoka. Wangekwenda wapi, na watoto, majira ya baridi yakikaribia, mamia ya maili kutoka mji wowote mkubwa? Ila talaka za kanisa zilitolewa kwa urahisi ambao haukuwepo kwingi Marekani wakati huo. Brigham aliidhinisha zaidi ya 1,600 katika utawala wake. Nambari hiyo inasema mengi kuliko hotuba yoyote.

Jioni nilimpigia simu rafiki yangu Mkongomani anayeishi hapa. Salt Lake ina Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi, na baadhi yao wanasali katika kanisa hili kwa Kiswahili. Alitukaribisha ugali na sombe. Mama mkubwa alimuuliza kama huko kanisani wanazungumzia wake wa zamani. Akajibu: "Bibi, sasa ukioa wa pili unatengwa na kanisa. Za zamani tunasikia kidogo tu."

Jumamosi. Salt Lake City

Leo tumeutafuta ushahidi wa kile wanawake walichokifanya na nafasi waliyoipata.

Januari 1870, bunge la Marekani likijadili mswada mkali dhidi ya mitala, maelfu ya wanawake wa Kimormoni walijaa ukumbini hapa mjini wakapinga. Magazeti ya mashariki yalishangaa, maana yaliwadhania watumwa wasioweza kusema. Tarehe 12 Februari mwaka huo wanawake wa Utah wakapewa haki ya kupiga kura, na siku mbili baadaye Seraph Young akapiga kura ya kwanza. Waliotaka kuikomesha mitala walitegemea kwamba wanawake wangeitumia kura hiyo kuipinga. Hawakufanya hivyo. Ndipo mwaka 1887 bunge likawanyang'anya kura wanawake wote wa Utah, wenye wake wenza na wasio nao.

Ellis Reynolds Shipp aliacha watoto wake kwa wake wenza akaenda kusomea udaktari Philadelphia, akahitimu 1878, akarudi kufundisha mamia ya wakunga. Bila mke mwenza wa kumshikia nyumba asingeweza. Hili Mama mkubwa alilielewa bila maelezo. Mama yangu alisoma ualimu Korogwe mimi nikiwa na miaka mitatu.

Na yupo Martha Hughes Cannon, daktari, mke wa nne wa Angus Cannon, aliyechaguliwa seneta wa jimbo mwaka 1896, wa kwanza mwanamke nchini Marekani, katika uchaguzi ambao mumewe naye aligombea na kushindwa. Aliliambia gazeti kwamba mume akiwa na wake wanne, mke ana wiki tatu za uhuru kila mwezi. Watu hupenda kumnukuu hapo na kuishia hapo. Miaka kumi kabla, huyo huyo alikimbilia Uingereza na mtoto mchanga, kwa sababu kama daktari angelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya waume wa wanawake aliowazalisha, na mtoto wake mwenyewe alikuwa ushahidi dhidi ya Angus. Barua zake za ughaibuni zimejaa upweke na wivu.

Alasiri tumekwenda Sugar House Park, bustani yenye bwawa na mabata. Hapa palikuwa gereza la Utah. Mwaka 1883 Belle Harris alifungwa humu pamoja na mtoto wake anayenyonya, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kosa lake ni kukataa kujibu maswali ya jopo la mahakama kuhusu ndoa yake. Sheria ya Edmunds ya 1882 ilikuwa imeifanya kuishi na mke zaidi ya mmoja kuwa jinai, adhabu yake hadi miezi sita gerezani na faini ya hadi dola 300. Ilidai kuwaokoa wanawake. Wa kwanza kuonja ukali wake wakawa wao.

Serikali ilijenga pia nyumba ya hifadhi, mtaa wa 500 Mashariki, kwa ajili ya wake watakaokimbia mitala. Bunge lilitenga dola 40,000 mwaka 1886. Waliokuja walikuwa wachache mno, na 1893 ikafungwa. Waliowajengea hawakuwauliza wanachohitaji.

Jumapili. Farmington

Mji mdogo kaskazini mwa Salt Lake. Annie Clark alitoka hapa tarehe 27 Desemba 1883 kwenda kufungishwa ndoa na Joseph Marion Tanner, mke wa kwanza akiwa amefuatana nao. Baada ya ndoa mume na mke mkubwa wakaendelea na safari yao, na Annie akarudi peke yake kwa wazazi wake. Familia ilikuwa imekwisha kula. Akala mkate na maziwa, akajiambia, hii ndiyo karamu ya harusi yangu.

Hii ndiyo siri ya Nauvoo iliyorudi, na safari hii sababu ilikuwa polisi. Wake wa miaka ya 1880 waliishi mafichoni, wakihamishwa nyumba hadi nyumba, wengi kwa majina ya bandia. Watoto walifundishwa kutolitaja jina la baba yao wakiulizwa na mgeni. Mjamzito alijificha zaidi, maana tumbo lake lilitosha kumfunga mume.

Mama mkubwa aliniomba nisimamishe gari. Tulishuka tukatembea kidogo. "Mimi nilikuwa na mlango wangu," alisema. "Nikigombana na baba yako naufunga, na kila mtu anajua kwamba mlango ule ni wa mke wake."

Jumatatu. Pipe Spring, Arizona

Safari ndefu kusini, milima ikigeuka myekundu. Pipe Spring ni ngome ya mawe iliyojengwa miaka ya 1870 juu ya chemchemi, wakati huo mali ya kanisa, ndani ya ardhi ya Wapaiute wa Kaibab, wenyeji wa asili walionyang'anywa maji yao. Sitaki kupita bila kulitaja hilo: mahali pa kujificha pa mwanamke mmoja palikuwa kiu ya mwingine.

Kwa kuwa iko Arizona, ng'ambo ya mpaka wa Utah, miaka ya 1880 ngome ikawa kimbilio la wake wenza waliokuwa wakitafutwa. Kuta zina matundu ya bunduki yanayotazama nje. Mwanamke angejifungua humu, akasubiri barua, akasubiri mume apate nafasi ya kufika bila kufuatwa. Mama mkubwa aliingia jikoni akakagua jiko, akauliza kuni zilitoka wapi. Jangwa tupu pande zote.

Tukiwa tunashuka kuelekea Las Vegas kurudisha gari, akaniuliza iliishaje.

Septemba 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, alitoa Tamko Rasmi akiwashauri wafuasi wasifunge ndoa yoyote inayokatazwa na sheria za nchi, na tarehe 6 Oktoba mkutano mkuu ukalipokea. Tamko halikusema neno juu ya wake waliokuwepo.

"Kwa hiyo kila mume alijiamulia."

Ndivyo. Wengine waliwatunza wake wote hadi kufa, wengine wakachagua mmoja. Ndoa nyingine za siri zilifungwa Mexico na kwingineko, mpaka tamko la pili la 1904 lilipoweka adhabu ya kutengwa. Annie Tanner alizaa watoto kumi. Karibu na 1913 mumewe alimwambia kwamba hatakuja tena Farmington. Akatafuta riziki mwenyewe, akahakikisha watoto wanasoma. Mmoja wao, Obert, akawa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Utah.